Karatasi ya mahudhurio ilinidanganya muhula mzima

Nilipoanza kazi ya mwalimu msaidizi chuoni nilikuwa na sheria tatu: saa moja na dakika tano mlango unafungwa, simu isionekane, na Kiswahili kinaishia nje. Nilizirithi kwa mhadhiri aliyenifundisha mwaka wa pili, mtu ambaye tukimwona kwenye korido tulikuwa tunageuza njia. Nilidhani kuogopwa ndiko kuheshimiwa.

Karatasi ya mahudhurio ikanipa kiburi. Semina ya watu 40, saini 40, kila wiki. Siku moja nikahesabu vichwa: 27. Nikairudia karatasi taratibu, nikakuta saini sita za mwandiko mmoja, herufi zimelalia kushoto, kalamu ya bluu inayovujisha wino. Testi ya kwanza niliposahihisha, zaidi ya nusu ya darasa hawakufika nusu ya alama. Nikasema ni wavivu. Ndivyo tunavyosemaga wote tukikaa ofisini na chai.

Wiki moja baadaye niliuliza kwa nini bei ikipanda kuna bidhaa watu wanaacha kununua na nyingine wanaendelea nazo. Kimya. Kisha binti mmoja wa safu ya tatu, ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake, akanyoosha kidole nusu: "Samahani mwalimu, naweza kujibu kwa Kiswahili?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa. Sijui nini kilinizuia.

"Sukari ikipanda, mama atanunua tu, labda apunguze vijiko. Soda ikipanda anaiacha, tutakunywa maji."

Darasa likacheka, halafu vidole vikaanza kupanda. Mmoja akaleta nauli ya daladala, mwingine bando. Tulipomaliza tukayaweka yote kwa Kiingereza ubaoni, kwa sababu mtihani unakuja kwa lugha hiyo na hapo sina ujanja. Lakini nilitoka nikiwa na aibu kidogo. Wiki zote zile nilikuwa nimewaita wavivu watu waliokuwa wakitafuta lugha.

Baadaye nilisoma habari za jaribio ambalo Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walilichapisha mwaka 1939. Kule Iowa, Marekani, waliwaweka wavulana wa miaka 10 kwenye vilabu vya kazi za mikono, wakibadilishiwa mitindo ya uongozi: kiongozi anayeamuru kila hatua, anayeshauriana nao, na anayewaachia wafanye watakavyo. Chini ya mwamrishaji kazi ilikwenda akiwepo. Akitoka chumbani ikalegea. Waliozoea kushauriana waliendelea hata kiongozi asipokuwepo. Wale walioachiwa walifanya kazi kidogo, tena hafifu. Kweli, wale ni watoto, si watu wazima wanaosubiri boom, ile pesa ya mkopo wa kujikimu. Lakini hilo la kutoka chumbani limenikaa, maana sehemu kubwa ya kusoma chuoni hufanyika mwalimu akiwa hayupo, hosteli, usiku, desa (nakala za maswali na notsi) mkononi.

Usinielewe kwamba natetea ulegevu. Niliwahi kufundishwa na mhadhiri mpole kupindukia. Muhula mzima makundi yetu ndiyo yaliyowasilisha mada, yeye amekaa nyuma na gazeti. Testi haikurudi mpaka tukamaliza mtihani wa mwisho. Tulimpenda sana, na sapu, ile mitihani ya marudio, tukazipata. Vyuo vyetu vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho. Usiporudisha testi, unampeleka mtu kwenye zile 60 hajui kilichomnyima zile 40.

Kwa hiyo mwenzangu unayeanza kufundisha, anzia kwenye testi. Irudishe ndani ya wiki moja au mbili, na kila karatasi iwe na mstari mmoja wa maneno. Mimi huandika kama "umeeleza vizuri ila hujajibu swali". Itakugharimu Jumamosi na Jumapili. Ukiuliza swali, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi kabla hujalijibu mwenyewe. Kimya kile kinakutisha wewe kuliko wao. Na ukitangaza saa ya kuonana ofisini, uwepo. Aliyekuta kufuli mara moja harudi.

Mlango bado naufunga, ila saa moja na robo. Tulikubaliana hivyo, kwa kuwa wengine wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, na anayejua daladala za asubuhi atanielewa. Kwenye ukumbi wa watu 300 wenye kipaza sauti kinachokwaruza mambo ni magumu zaidi, na hapo nimejifunza kumtegemea CR, mwakilishi wa darasa: kila Ijumaa ananiletea maswali matatu yaliyowashinda wenzake.

Na wewe mwanafunzi mwenye mhadhiri mkali: nenda ofisini kwake, mkiwa wawili au watatu, na karatasi yako mkononi na swali moja mahususi. "Dokta, sielewi kozi" halina jibu. "Dokta, hapa nilipoteza alama nne, nilikosea wapi?" linajibika, na wakali wengi ukiwakuta mezani kwao ni watu wa kawaida kabisa.

Muhula uliopita foleni ilinishika Ubungo. Nikampigia CR kuomba wanisubiri. "Tumeshaanza, mwalimu," akasema, nyuma yake kelele. Nilipofika walikuwa kwenye swali la tatu. La pili walikuwa wamelikosea lote, na bado walikuwa wakilibishania, kwa Kiswahili.