Boksi la tivi lina GB 16, video za familia GB 600: nilivyofanya mimi hapa Bombo, Uganda

Ndugu, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Una video za familia kama GB 600 kwenye kompyuta, umenunua boksi la tivi lenye GB 16, je, uzihamishie kwenye boksi au uwe unastrimu kutoka kompyuta, yaani video ibaki kwenye kompyuta na boksi liicheze kupitia mtandao wa nyumbani? Halafu una hofu kwamba kustrimu kutakumalizia bando la mwezi. Naanza na hiyo hofu maana inasumbua watu wengi bure.

Kustrimu ndani ya nyumba hakuli bando hata embi moja. Video inatoka kwenye kompyuta, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye boksi, basi. Haitoki nje ya ukuta. Mimi mwenyewe sikuamini mpaka nilipochomoa laini kwenye MiFi, ile ruta yangu ndogo ya laini ya simu, na kuiwasha tupu, harusi ya dada yangu ikaendelea kucheza kama kawaida. Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima wakati wa uchaguzi, jioni sisi tulikuwa sebuleni tunaangalia video zetu huku majirani wakihangaika na simu. Kinachokula bando ni kupandisha video mtandaoni halafu kuzivuta upya kila unapotaka kuzitazama. Saa moja ya video ya kawaida ni zaidi ya GB 2, na tangu Julai 2021 kwenye bei ya intaneti umo ushuru wa asilimia 12. Harusi ya saa tatu siipeleki huko. Ila angalia programu unayotumia: zipo zinazotaka uingie kwenye akaunti yako kwa intaneti kwanza ndipo zikufungulie video zilizo chumbani kwako. VLC na Jellyfin hazina tabia hiyo.

Sasa swali lenyewe. Ubishi huu ni wa siku nyingi. Apple TV ya kwanza, ya 2007, ilikuwa na diski ya GB 40 ndani, mwaka huohuo ikaja ya GB 160. Unanakili video zako mle, kompyuta ukiizima haijali. Walipotoa ya pili 2010 diski wakaing'oa, ikawa ya kustrimu tu. Maboksi yetu ya leo yamefuata njia hiyo ya pili. GB 16 zako ni za mfumo na programu, ukitoa sehemu ya mfumo kinachobaki ni kidogo, na boksi likishiba linaanza kuburuta miguu. Langu liligoma kuwaka siku moja, nikalirudisha lilivyotoka kiwandani, na video za Idi nilizokuwa nimezijaza mle zikaenda zote. Mbili hazikuwa na nakala popote. Kwa hiyo kumbukumbu ya ndani ya boksi isahau.

Baada ya hapo nikahamia kustrimu kila kitu kutoka laptopu, nikajiona fundi. Karibu mwaka mzima sikuona tatizo kwa sababu anayewasha laptopu ni mimi, na anayetazama ni mimi. Siku moja niko Kampala kazini, mama akapiga simu. Shangazi zangu walikuwa wamekuja, kahawa imeshamiminwa, anataka kuwaonyesha harusi, na tivi inamwambia seva haipatikani. Akaniuliza, "Mwanangu, umeondoka na harusi ya dada yako kwenye begi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Laptopu hupanda taksi na mimi kila asubuhi, na harusi ilikuwa inapanda nayo.

Tangu siku hiyo swali langu si kustrimu au kuhifadhi. Nauliza video hii itatazamwa na nani, na je, mtu huyo ataweza kuifungua nikiwa sipo. Za mama nimeziweka kwenye diski iliyochomekwa nyuma ya boksi moja kwa moja: harusi mbili, sherehe ya jina la mtoto, na mkanda wa marehemu baba akielekeza watu namna ya kujenga banda la kuku. Zote hazifiki GB 40. Anawasha tivi, anabonyeza rimoti mara mbili, amefika. Zilizobaki, zile ndefu ambazo mimi tu ndiye huzipekua, nazistrimu.

Hilo la diski nyuma ya boksi lina vikwazo vyake, nikueleze nilivyojikwaa. Kwanza nilitumia flashi. Ilikuwa na GB 20 tupu, faili la harusi lina GB 6.8, na bado kompyuta ikakataa kulinakili, ikisema faili ni kubwa mno. Kumbe flashi ilikuwa na fomati (mpangilio wa kuhifadhi mafaili) ya FAT32, na hiyo haipokei faili moja linalofika GB 4, hata nafasi iwe tele. Nikaifomati upya kwa exFAT, kompyuta ikafurahi, boksi likakataa kuisoma. NTFS ndiyo iliyokubalika pande zote mbili kwangu. Kwako inaweza kuwa kinyume, kwa hiyo jaribu kwa faili moja kabla hujanakili usiku kucha. Na flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa TB 2, zinazouzwa barabarani, ziache. Nilinunua moja, video zikaingia zote, majina yakaonekana yote, lakini kufungua hazifunguki. Uwezo wake wa kweli ulikuwa robo ya robo ya ulioandikwa.

Nilipohamia kwenye diski kubwa ya kuzunguka, ikawa inalia tk, tk, tk, haiwaki. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa miliampea 500, na diski ikianza kuzunguka inataka zaidi ya hapo. Nikanunua habu, kile kigawanyio cha USB, yenye adapta yake ya umeme, kelele zikaisha. Umeme wenyewe unavyokatika na kurudi kwa kishindo, ruta, boksi na habu nimevipitisha kwenye stabilaiza. Na usinakili faili kwenye diski siku umeme unapochezacheza, ukikatika katikati unaweza kuharibu zaidi ya hilo faili moja.

Kwenye kustrimu, kilichonitesha ni kanda za zamani za MiniDV, zile ndogo za kamera ya video. Ukizihamisha zilivyo, saa moja ni kama GB 13. Hiyo ni mtiririko wa megabiti zaidi ya 25 kila sekunde, na Wi-Fi yangu ya 2.4 GHz ilikuwa inapita kuta mbili za matofali. Picha inakwenda, inaganda, sauti inatangulia. Nikavuta waya kutoka laptopu hadi ruta, ikapungua. Nikavuta na wa pili kutoka ruta hadi kwenye boksi, ikaisha kabisa. Waya wa kawaida wa megabiti 100 unatosha na kubaki. Kama waya haupiti, tumia Wi-Fi ya 5 GHz, lakini hiyo ukuta mmoja tu inaanza kuchoka, ruta iwe chumba kimoja na tivi.

Jambo jingine la kanda hizo: mkono wa mpiga ngoma ukisogea haraka, pembeni mwake zinatokea mistari kama meno ya kitana. Diski haijaharibika. Kamera zile zilirekodi nusu ya mistari, kisha nusu nyingine, na tivi bapa inaonyesha zote kwa pamoja. Programu ya HandBrake ina kichujio cha kuondoa meno hayo wakati unabadilisha video kuwa H.264, namna mojawapo ya kubana video. Nilizibadilisha kwa megabiti 5 hivi kwa sekunde, saa moja ikashuka hadi GB 2 na ushee, na kwenye tivi ya inchi 43 mama haoni tofauti, mimi naiona kidogo kwenye nakshi za gurbaba, vazi la kina mama wa Kinubi. Nilichagua H.264 kwa sababu boksi la zamani kwenye H.265, ambayo ni mpya zaidi, linaweza kukwama. Kanda asili usifute. Zangu ziko kwenye diski mbili, moja kabatini, nyingine kwa dada yangu Arua.

Mwisho, ukistrimu, izuie laptopu isilale ukifunga kava, na kwenye ruta ipangie anwani moja ya mtandao (IP) ya kudumu. Bila hivyo, umeme ukikatika ruta inaweza kuigawia laptopu anwani mpya, na boksi litaendelea kubisha mlango wa zamani.

Ukikwama kwenye fomati, andika hapa jina la boksi na ujumbe unaotokea kwenye tivi neno kwa neno. Niko mtandaoni baada ya Isha, mama akishaniachia rimoti.