Nimevuka bahari baada ya miaka 13, na haya ndiyo yaliyonisaidia

Jumamosi iliyopita nimepanda boti Dar nikashuka Malindi, Unguja, kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa wengi safari ya saa mbili si jambo la kuandika, ila mimi nimeisubiri miaka 13 kwa kuogopa chombo cha majini, na inbox imejaa watu wanaouliza "umewezaje", kwa hiyo najibu hapa kwa wote.

Septemba 10, 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Tulikwenda Maisara walikoletwa maiti, tunamtafuta binti wa jirani. Mimi nakumbuka miguu tu. Imetokeza nje ya mashuka, na mmoja una hina ya Idi haijafutika bado. Mwaka uliofuata nikavuka kuja kusoma Dar, macho nimefumba njia nzima, halafu Julai MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe. Basi, nikasema sipandi tena chombo cha majini. Hata pantoni ya Kigamboni, dakika chache tu zile, nilikuwa nazunguka Kongowe mpaka daraja lilipofunguliwa 2016.

2019 bibi yangu akafariki alfajiri, anazikwa baada ya adhuhuri. Nauli ya ndege sikuwa nayo. Nikaenda bandarini, nikakata tiketi, nikafika mpaka kwenye ngazi, mikono ikafa ganzi, wa nyuma yangu anasema "panda bwana unatuchelewesha", nikageuka nikarudi. Ile tiketi ninayo mpaka leo. Shangazi yangu alisema mbele ya watu matangani, "huyu mapenzi yake yanaishia Posta," yaani pale mjini Dar karibu na bandari. Liliniuma, na hata sasa naandika linaniuma, maana bibi ndiye aliyenilea.

Mwaka jana ndo nikaenda kwa mtaalamu wa saikolojia. Nikamwambia naogopa bahari. Akaniambia hapana, niandikie maneno unayojiambia pale kwenye ngazi, neno kwa neno. Nikaandika: "Nikipanda, itazama." Kuyaona kwenye karatasi nikashtuka, kumbe miaka yote hiyo naongozwa na maneno mawili! Hii inaitwa tiba ya fikra na tabia, daktari wa Marekani Aaron Beck aliianza miaka ya 1960, si mambo ya kujipa moyo tu.

Akanituma nikasome kwa nini meli zilizama. MV Bukoba 1996 ilijaza watu kupita uwezo wake, Spice Islander vilevile, Skagit ilikutwa na upepo mkali. Nikaandika upya: "Meli iliyojazwa kupita kiasi, au iliyotoka bahari ikiwa imechafuka, inaweza kuzama." Huo ni ukweli, siudanganyi moyo wangu, lakini ukweli huu unanipa kitu cha kufanya. Naangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, naangalia watu wamejaaje, najua jaketi la kuokolea liko wapi.

Halafu nikaanza na pantoni. Safari ya kwanza moyo ulidunda mpaka ng'ambo, ya pili hivyo hivyo, ya sita nikajikuta nanunua karanga.

Jamani, acheni kusema "mimi ndivyo nilivyoumbwa". Dada wa Mombasa uliyeniandikia kuhusu feri ya Likoni, kila siku unapoikwepa unaupa uoga chakula, unajiambia umesalimika kwa sababu hukupanda, na kesho uoga unarudi na nguvu zaidi. Chukua karatasi. Andika unachojiambia. Kijibu kwa unachokijua, halafu nenda hatua ndogo, na usikubali mtu akusukume kwa kukucheka. Kama unazidiwa mpaka kupumua shida, tafuta mtaalamu, si aibu hata kidogo.

Jumamosi katikati ya maji, harufu ya dizeli, mhudumu anagawa mifuko ya kutapikia, yale maneno yakarudi. "Itazama." Nikayajibu kimoyomoyo, nikainama nikagusa jaketi chini ya kiti, pembeni yangu mtoto kalala fofofo kwenye paja la mama yake. Mikono ilitetemeka mpaka tulipouona mji, nikaiacha itetemeke.

Shangazi alikuja kunipokea bandarini. Hakusema kitu, akanishika mkono tukaenda moja kwa moja kaburini kwa bibi, nikakaa pale mpaka adhana ya alasiri.