Kuoga maji ya baridi kuna faida gani kweli? Maswali yenu ya wiki hii

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi kijana wa miaka 27, kila nikifungua simu nakuta watu wanasema ukioga maji ya baridi huumwi ovyo, unapungua mwili, ngozi inakuwa nzuri na nguvu za kiume zinapanda. Mi nimezoea ya moto, tena ya moto haswa, bafu zima linajaa mvuke. Nimejaribu ya baridi nikahisi roho inatoka. Je niache ya moto kabisa? Na hayo ya baridi mtu akae nayo muda gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo roho kutoka maana ndo wengi wanapokwamia. Ngozi ikipigwa na baridi ghafla unavuta pumzi kwa nguvu bila kupenda, moyo unaenda mbio, mishipa ya damu ya kwenye ngozi inasinyaa na presha inapanda. Ni mshtuko wa kawaida, kwa mtu mzima wa afya unatulia ndani ya dakika moja mbili hivi, na ukirudia siku kadhaa mwili unazoea, mshtuko unapungua wenyewe. We jitahidi tu kutoa pumzi taratibu, usiibane, na anza na miguu na mikono, kichwa na kifua viache mwisho.

Huo mshtuko ndo unaokuamsha. Mwili unamwaga homoni inaitwa noradrenalini, usingizi unakata, akili inachangamka, na hii faida naiamini kabisa kwa sababu kila anayeoga hivyo asubuhi anaisikia mwenyewe. Ila uwe makini na zile namba zinazozungushwa mitandaoni kwamba homoni hiyo inapanda zaidi ya mara 5. Kipimo chenyewe kilifanyika kweli, lakini wale watu walikaa ndani ya maji ya nyuzi 14 mpaka shingoni kwa saa nzima! Sasa wewe wa dakika mbili kwenye shawa usijipimie kwa hiyo namba.

Kuhusu kutoumwa, kuna utafiti wa Uholanzi uliotoka 2016, watu zaidi ya 3,000, ambao waliambiwa waoge ya moto kama kawaida yao halafu wamalizie na ya baridi, wengine sekunde 30, wengine 60, wengine 90, kwa siku 30 mfululizo, na wengine wakaendelea na ya moto tu. Waliomalizia na ya baridi walikosa kazi kwa ugonjwa pungufu kwa asilimia 29. Lakini siku za kuumwa zenyewe hazikupungua! Yaani waliumwa kama wenzao, ila walijisikia wana nguvu ya kwenda kazini. Na kitu ninachokipenda zaidi humo ni kwamba wa sekunde 30 walipata sawasawa na wa sekunde 90. Kwahiyo jibu la muda gani ndo hilo, nusu dakika mwishoni inakutosha, hakuna haja ya kujitesa.

Ngozi hapo nakuunga mkono, na hasa kwako wewe wa mvuke. Maji ya moto sana yanakwangua mafuta ya asili ya ngozi kama yanavyotoa mafuta kwenye sahani, ngozi inabaki kavu, inawasha, na mwenye pumu ya ngozi ndo anazidi kuumia. Ukihamia kwenye ya vuguvugu tu tayari ushafaidika, sio lazima yawe ya barafu.

Kupungua mwili sahau. Ni kweli baridi inaulazimisha mwili uchome nguvu kidogo utengeneze joto, lakini kwa dakika chache za kuoga ni kidogo mno. Na nguvu za kiume, kinachojulikana ni kwamba joto la muda mrefu kwenye korodani linapunguza mbegu, kwahiyo kukaa sana kwenye maji ya moto sio kuzuri kwa anayetafuta mtoto, ila hilo halimaanishi baridi inaongeza nguvu, usiuziwe hiyo.

SWALI: Dokta, mama yangu ana presha na miaka 63, amesikia hizi habari anataka kuanza. Pia ananiambia mjukuu nimuogeshe ya baridi awe mkakamavu.

JIBU: Dada yangu, mpe mama shikamoo na umwambie asianze mpaka daktari wake amkubalie. Nimesema hapo juu presha inapanda ghafla na moyo unadunda, kwa mwenye presha, ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi hiyo ni hatari ya kweli. Vivyo hivyo mtu ambaye vidole vyake vinakuwa vyeupe na kufa ganzi akipata baridi, au anayetoka vipele kila akiguswa na maji baridi. Mtoto mchanga usithubutu, anapoteza joto haraka mno, muogeshe maji ya uvuguvugu na umkaushe upesi.

SWALI: Mi nabeba vyuma jioni, kila nikimaliza najimwagia ya baridi then nalala. Niko sawa?

JIBU: Kaka, maumivu ya misuli yanapungua kweli, lakini kama lengo ni kujaza misuli, kukaa kwenye maji ya baridi sana kila baada ya vyuma kumeonekana kupunguza ukuaji wake. Shawa fupi haina makali hayo, ila kama unajiloweka kwenye pipa la barafu hamishia siku ambayo hujabeba. Na kama usingizi unakusumbua, usiku oga ya moto kiasi, saa moja au mbili kabla ya kulala, maana damu inakuja kwenye ngozi, joto la ndani linashuka, usingizi unakuja mapema. Ya baridi iweke asubuhi.