Umeokota kitu cha kale hukijui? Muulize aliyekitumia

Juzi kijana mmoja wa Micheweni kaniletea ujumbe na picha ya sarafu ya shaba aliyoifukua baba yake akipalilia muhogo. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani, na chini ya mizani tarakimu za 1299. "Kaka, hii ina zaidi ya miaka 700. Nimuuzie nani?" Nilishamjibu, lakini naandika na hapa kwa sababu najua wengi mnaonisoma mna hamu ile ile: ama mna ditekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya chuma au shaba iliyofukiwa, ama mnadunduliza kuinunua.

1299 ni mwaka wa Hijria. Kwa Miladia ni 1882 hivi. Hiyo ni pesa ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 mpaka 1888, na mpaka leo majembe yanazifukua mashambani. Kuna na mtego wa pili, reale ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Yule ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka huo huo. Wafanyabiashara wa Uarabuni na wa huku kwetu walishaizoea sarafu yake, basi ikaendelea kupigwa miaka na miaka baada ya kifo chake bila mwaka kubadilishwa. Ukiiokota, usiape kuwa ni ya 1780.

Hizo ni nyepesi, zina maandishi. Kazi ni kitu kisichosema chochote.

Mimi shughuli yangu ni pwani. Wageni wanadondosha pete Paje na Jambiani, maji yakipwa naitwa na ditekta yangu. Lakini kitu nilichokipenda kuliko pete zote nilikipata Pemba, kwenye shamba letu la urithi karibu na Wete, kwa ruhusa ya wazee. Ditekta ililia sauti nyembamba, safi, si ule mkoromo wa msumari. Nikachimba kiasi cha shubiri moja. Kikatoka kitu cha shaba kama kitumba cha ua, kimeota kutu ya kijani, kichwani kina vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa duara, na chini kina shingo fupi iliyokatwa hesi. Nikakijaribu kwa sumaku, hakikushika.

Nikakipeleka kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale Mji Mkongwe. Hakukinyanyua hata karibu na macho. "Kichwa cha bomba la bafu hichi. Kama unataka, nakupimia kwenye kilo za shaba chakavu." Wenzangu wawili niliokwenda nao wakacheka, na jioni ile picha ikasambazwa kwenye kundi letu la WhatsApp, eti nimepata hazina ya bafuni. Yameshapita, lakini bado yananiuma, maana wale ni watu niliowafundisha mimi kushika ditekta.

Sikukubali, na nilikuwa na sababu. Tundu la shingoni lilikuwa halipitishi hata penseli. Maji ya kuogea yangepita wapi? Tena ukingo wake ulikuwa na nakshi ya majani, imechongwa kwa mkono, jani moja limepinda kuliko jingine. Nani anapiga nakshi bomba la bafu?

Niliporudi Pemba nikakipeleka kwa bibi yangu, shangazi wa marehemu baba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikamtilia kiganjani. Hakuuliza kimetoka wapi wala kina miaka mingapi. Alikishika shingoni kwa vidole vitatu, akakipinda kichwa chini, akakitikisa mara mbili kuelekea usoni kwangu, kifundo cha mkono tu ndicho kilichotembea. "Hichi kichwa cha mrashi. Mrashi wa nani huu?" Halafu akaanza kunieleza nyumba iliyosimama pale ambapo leo tumepanda muhogo, maulidi yaliyosomwa barazani, chetezo cha udi kikizungushwa mbele, na nyuma yake mtu wa mrashi akiwanyunyizia watu marashi ya mawaridi.

Ule mtikiso wa mkono ndio uliomaliza kesi. Hakuna picha ya intaneti ingeniambia hivyo.

Ndugu zangu, tuache kukimbilia kwa wanunuzi. Mnunuzi hana faida ya kukwambia ukweli. Kitu hujulikana kwa kazi yake, na kazi yake anaijua aliyekitumia. Vitu vingi vya shaba vya nyumba zetu vilikuwa mikononi mwa wanawake: mirashi, vyetezo, vijaluba vya tambuu. Sisi vijana tunawapita bibi zetu mlangoni tukiwa na vitu hivyo mifukoni, tunakwenda kumuuliza mgeni. Haifai hata kidogo! Waulizeni wangali hai.

Na msisugue kwa ndimu na jivu. Nakshi na herufi huondoka pamoja na ile kutu. Brashi laini inatosha.

Jingine, na hili nalisema kwa ukali: magofu si pa kupeleka ditekta. Si Ras Mkumbuu, si Pujini, si Mtambwe Mkuu. Mwaka 1984 pale Mtambwe zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zenye majina ya watawala wa huku huku, pamoja na dinari chache za dhahabu za Fatimiyya, watawala wa Misri wa zama zile. Zile za fedha hazina mwaka, dinari zinao, basi wataalamu waliweza kuzitia kwenye karne ya 11 kwa sababu dhahabu na fedha zilikuwa pamoja. Angezikuta mmoja wetu usiku, akauza dhahabu huku na fedha kule, leo tungekuwa hatujui kitu.

Kijana wa Micheweni, mwombe mzee akuonyeshe tuta lenyewe alilopalilia, uliandike, kisha uipeleke sarafu Makumbusho ya Pemba, ndani ya ile ngome kongwe ya Chake Chake. Na picha nipigie upya, pande zote mbili, rula pembeni, kwenye mwanga wa asubuhi. Ile ya kwanza ilikuwa na kivuli cha mkono wako juu ya maandishi.