Siri iko kwenye buluu, si kwenye kahawia

Ndugu, umeuliza kwa nini picha ya simu ukiitia rangi ya kahawia bado haifanani na zile za kioo za miaka ya 1850. Kolodioni, mbinu ya kupiga picha kwenye kioo kilichopakwa kemikali, aliyoitangaza Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, ilinasa mwanga wa buluu na urujuanimno (ule usioonekana kwa macho). Nyekundu karibu haikuiona kabisa. Ndiyo maana anga hutoka jeupe, midomo na madoa ya ngozi hutoka meusi.

Piga picha ya rangi, kisha igeuze nyeusi na nyeupe ukitumia chaneli ya buluu peke yake, yaani ile sehemu ya picha inayobeba mwanga wa buluu tu, kama kolodioni ilivyoona. Chembechembe (vidoa vidogo vinavyochafua picha) zitaongezeka, zipunguze kidogo tu. Kaa karibu na dirisha lenye mwanga hafifu, kamera juu ya stendi, mtu atulie sekunde 3 au 4 kamera ikiwa inanasa mwanga. Ule utulivu wa uso naupenda kuliko mikwaruzo yoyote ya kubandika.