Muulize Muuguzi: Mwili Ukichoka, Moyo Unashika Wapi?

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nifanyeje nisivunjike? Nimechagua nne. Majina ya wenyewe nimeyaficha kama walivyoomba, na mbili nimezifupisha ili zienee.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka thelathini na minane, nimeajiriwa, nina watoto wawili, na tangu mwaka jana namuuguza mama aliyepata kiharusi. Mchana najikokota, lakini usiku nashtuka saa tisa na kuanza kuhesabu matatizo mpaka kunakucha. Asubuhi nawafokea watoto kwa kitu kidogo tu, kiatu kimoja kutoonekana, halafu najuta kutwa nzima. Nimejaribu kujipanga: kuamka alfajiri, kukimbia, kuandika shajara, kunywa maji mengi, kuacha simu. Naanza Jumatatu, ikifika Alhamisi hakuna kilichobaki. Dada zangu wananiambia nipige moyo konde. Nianzie wapi? – Binti wa Mama

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nianze na hao dada zako. Kupiga moyo konde kunafaa kwa jambo la siku moja: mtihani, upasuaji, msiba umeingia ghafla. Kuuguza kunakwenda miezi na miaka, na anayekwenda kwa kukaza roho peke yake mwisho hulazwa kitanda cha pili. Nimefanya zamu za usiku wodini muda mrefu, na nilikuwa nikiwatazama ndugu wa wagonjwa kuliko walivyodhani. Aliyekuja na maneno makubwa ya ushujaa alikuwa hoi baada ya wiki chache. Waliodumu walikuwa na vijitabia visivyo na sifa yoyote: huyu anatoka nje kuzunguka jengo kila daktari akishapita, yule anakubali kupokewa na kwenda kulala bila kubembelezwa.

Wewe umeanza mambo matano kwa mkupuo. Yaache manne, ubaki na moja, na hilo liwe saa ya kuamka. Saa ya kulala huwezi kuilazimisha, ya kuamka unaweza. Iwe ileile kila siku, hata siku ya mapumziko, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Ukiamka tu toka nje, kabla hujashika simu, ukae kwenye mwanga kama robo saa. Mwanga wa asubuhi unaoingia machoni ndio unaorekebisha saa ya mwili iliyo ndani ya ubongo, na saa hiyo ndiyo inayopanga melatonini, homoni inayouandaa mwili kwa usiku, ianze kutoka wakati gani jioni. Usitegemee taa ya sebuleni. Hata siku ya mawingu, mwanga wa nje unaushinda wa ndani mara nyingi, ni macho tu yanayotudanganya kwamba tofauti ni ndogo.

Sasa hiyo saa tisa. Kushtuka usiku peke yake si ugonjwa. Usingizi mzito unakuja zaidi nusu ya kwanza ya usiku, nusu ya pili ni mwepesi, na kila mtu huamka mara kadhaa hata asipokumbuka. Kinachokuumiza ni kubaki pale kitandani ukipiga hesabu, mpaka mwili unazoea kwamba kitandani ndipo pa kuhangaikia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Bootzin, alieleza dawa yake mwaka 1972 na wataalamu wa usingizi wanaitumia hadi leo: ukikaa macho kwa kitu kama dakika ishirini, toka kitandani. Usitazame saa, kadiria. Kaa mahali penye mwanga hafifu, kunja nguo zilizokauka au pekua kitabu ambacho hakikusisimui, urudi kitandani usingizi ukikuita. Siku za kwanza utaniona mchawi kwa sababu utachoka zaidi. Endelea. Simu ilale chumba kingine. Kama unahofia mama atakuita, acha mlango wazi, simu iliyo chini ya mto haikusaidii kumsikia.

Na hizo hesabu za usiku zipe nafasi yake mapema, jioni, saa mbili tatu kabla ya kulala. Karatasi moja, chora mstari katikati. Kushoto andika kinachokukera, kulia andika hatua inayofuata. "Dawa za mama zinaisha Ijumaa" – "Alhamisi mchana nipite kuzichukua." "Sijui kama mama atazungumza tena kama zamani" – hapo kulia andika "hakuna la kufanya leo", kisha ukunje karatasi. Jambo lililoandikwa halina haja ya kuja kukuamsha ili usilisahau.

Kiatu nacho. Fanya hivi sasa hivi ukiwa unasoma: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mpaka upate mapigo. Vuta pumzi taratibu ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Rudia. Wengi huhisi mapigo yakikimbia kidogo wakati wa kuvuta na kupungua kasi wakati wa kutoa. Ni kazi ya neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo hadi kwenye moyo na matumbo, na pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayoipa nafasi. Lakini usingoje mpaka kiatu kipotee ndipo ujifunze. Ufanyie mazoezi ukiwa umetulia, mara tu baada ya kumpa mama dawa ya asubuhi, maana dawa huwezi kuisahau. Tabia mpya iegemeze kwenye tabia ya zamani ambayo tayari ina mizizi. Hapo ndipo shajara na mbio zako zilipokwama: zilikuwa zinategemea ari, na ari haina ratiba.

Kuhusu Alhamisi, acha kuihesabu kama kifo. Phillippa Lally na wenzake wa London walifuatilia watu wanaojijengea tabia moja ndogo, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Ilichukua siku kama 66 jambo kuwa la kujiendea lenyewe, na watu walitofautiana sana, kuanzia 18 hadi 254. Zile siku 21 unazosikia kila mahali hazimo. Na waliokosa siku moja hawakurudi nyuma kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo Alhamisi imekupita, Ijumaa unaendelea palepale, hakuna kusubiri Jumatatu.

Halafu hao dada wanaojua kushauri, wape zamu. Usiseme "jamani nisaidieni", neno hilo kila mtu husikia anaambiwa mwingine. Sema: "Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa kumi, mama ni wako." Taja siku, taja saa, kisha utoke nyumbani kweli.

Muuguzi, saa yangu ya mkononi inanidai hatua elfu kumi kila siku. Nikifikisha elfu sita inanionyesha kama mvivu, na nalala na kinyongo. Ni lazima zifike? – Mdaiwa

Hapana. Namba hiyo ilianzia sokoni. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Japani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua kilichobeba elfu kumi ndani ya jina lake. Ni namba nzuri, inakaa kichwani, ikaenea dunia nzima. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wazee nchini Marekani. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko wa hatua 2,700, na faida iliongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Elfu sita zako si haba hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani linahesabu dakika: angalau 150 kwa wiki za mwendo unaokuhemesha kiasi lakini bado unaweza kuongea, pamoja na siku mbili za kazi ya misuli. Hiyo ya misuli saa yako haiijui kabisa, na ndiyo watu wanayoisahau. Anza kwa kuinuka kitini bila kushika mikono, mara kumi, kila ukimaliza kupiga mswaki.

Mimi napenda zaidi ushahidi wa zamani. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Kampuni moja, mabasi yaleyale, lakini dereva amekaa kutwa na kondakta anapanda na kushuka ngazi akikusanya nauli. Makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi. Hakuna aliyekuwa akiwahesabia hatua. Zima hizo arifa za saa, ulale bila kinyongo.

Muuguzi, kwa heshima zote: nimeachishwa kazi, nina madeni, na kila ukurasa wa afya unaniambia nipumue na nishukuru. Dawa ya deni kulipa, si kupumua. Mara nyingine naona mnatufundisha kustahimili ili tusilalamike. Marafiki nimeshaanza kuwakwepa, sina cha kuwaambia. Una lipi jipya? – Nimechoka na Ushauri

Kaka, kuhusu deni umesema kweli na sina la kupinga. Shida ya pesa inahitaji pesa, na mtu akikwambia kwamba tatizo ni mtazamo wako, muulize yeye anadaiwa na nani. Sikuombi ushukuru. Kulalamika pia ruhusa, tena mahali panapohusika, kwa sauti.

Ninachokubishia ni hiyo sentensi ya marafiki, uliyoipitisha haraka kana kwamba ni jambo dogo.

Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mpaka wakawa watu wazima. Wako waliolelewa katika ufukara, ugomvi wa nyumbani na wazazi wagonjwa. Karibu theluthi moja ya hao waliobeba mizigo mizito walikua wakawa watu wazima wenye kujiweza na kujali wengine. Jambo mojawapo lililojirudia kwao lilikuwa kuwa na mtu mzima angalau mmoja aliyesimama nao, si lazima mzazi. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148, wakakuta kwamba wenye uhusiano imara na watu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 50, kuliko wasio nao. Wewe umepoteza mshahara, sasa unaongeza hasara ya pili kwa mikono yako.

Najua kinachokufunga: swali la "vipi, kazini?" Liwahi kabla halijaulizwa. Mchague mmoja, yule asiyependa kutoa hotuba, umtumie ujumbe: "Kazi imeisha, bado natafuta. Sitaki ushauri, nataka tutembee kesho jioni." Nasema kutembea kwa makusudi. Wanaume wengi niliowahudumia walishindwa kuzungumza wakitazamana na mtu uso kwa uso, lakini bega kwa bega njiani maneno yakatoka.

Kazi ilikupa pia kitu ambacho hakiandikwi kwenye hati ya mshahara, nacho ni umbo la siku. Ilikuamsha, ikakuvalisha, ikakutoa nje, ikakukutanisha na watu wanaokujua jina. Virudishe vitatu vya kwanza mwenyewe: saa ileile, nguo za kutokea, nje. Madeni yatengee siku moja ya wiki na saa maalumu, ufungue kila barua, uorodheshe, na uwapigie wanaokudai kabla hawajakupigia. Siku nyingine sita hayana miadi nawe. Pombe iache kwa sasa. Inaleta usingizi wa haraka, kisha inauvuruga nusu ya pili ya usiku, na utaamka saa tisa pamoja na yule binti wa barua ya kwanza.

Nina swali nawe pia. Je, ni wiki mbili au zaidi sasa ambazo sehemu kubwa ya siku huzuni haikutoki, au hakuna kinachokuvutia tena, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, unajiona huna thamani? Ikiwa ndiyo, hiyo yaweza kuwa sonona. Huo ni ugonjwa na una tiba, na haiponi kwa matembezi tu. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari hivyohivyo ulivyonieleza. Na kama umefikiria kujidhuru, usingoje wiki ijayo. Nenda leo, na usibaki peke yako; huyo rafiki wa matembezi akusindikize.

Dada, mke wangu ana vidonge vya usingizi alivyoandikiwa na daktari. Nikivunja nusu nikimeza na bia moja usiku nalala vizuri sana. Kuna ubaya? – Nusu Tu

Upo, tena mkubwa. Vidonge vya usingizi na pombe vyote hupunguza kasi ya ubongo, na vikikutana vinaweza kuipunguza pumzi yako ukiwa usingizini kiasi cha kutoamka. Nusu haikulindi, kwa sababu kipimo kilipangwa kwa mwili wa mkeo, si wako. Kama unakoroma sana na kukatika pumzi usiku, hatari inazidi, na mkeo ndiye atakayejua, muulize. Ikiwa umekuwa ukivimeza kila usiku kwa wiki kadhaa usiviache ghafla peke yako, kwani baadhi yake vikikatwa kwa mara moja huleta mitetemo na hata degedege. Mwone daktari wiki hii, mwambie ukweli wote pamoja na ile bia, na mkeo naye umwambie, maana hesabu ya vidonge vyake haitamtosha.