Nina D mbili na E moja: nitapata shahada ya biashara?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Newala, nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu. Uchumi nina E, Biashara D, Uhasibu D, BAM, ile hesabu ya somo la ziada, nina S. Daraja la tatu, pointi 13. Hesabu ya kidato cha nne nilipata D. Nataka B.Com, shahada ya biashara, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani. Mjomba anasema nirudie mtihani, mama anasema niombe hivyohivyo. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Tuanze na hizo pointi, maana wengi hukwama hapo. Pointi 13 ni hesabu ya NECTA, Baraza la Mitihani: D ni 4, E ni 5, na zikiwa chache ndiyo bora. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu na udahili wake, wanahesabu kinyume. Kwao A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na wanatazama masomo mawili tu yanayotakiwa na kozi. Kima cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja ni 4.0. Biashara yako 2, Uhasibu 2: nne kamili. Mama hajakosea, sifa ya kuomba unayo.

Lakini angalia hapa. Kozi ikisema Uchumi ni lazima uwe mmoja kati ya hayo mawili, hesabu inakuwa E na D, yaani 3, na jina lako linaishia hapo. Kwa hiyo fungua mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, usome mstari wa kila kozi neno kwa neno, pamoja na kile kipengele cha hesabu. Kuna kozi zinazotosheka na D ya kidato cha nne au S ya BAM, nyingine zinadai zaidi. Usimuulize rafiki aliyeomba mwaka juzi.

Sasa B.Com ya Mlimani. Kozi ikiwa na waombaji wengi kuliko nafasi, wenye alama za juu hutangulia, na wewe uko mkiani. Vijana wengi wananiletea ushauri wa kwenye video za Marekani: andika insha ya kugusa moyo, taja ulikuwa kiranja. Huku kwetu hakuna anayeisoma. Na akitokea mtu wa kukuambia ana ndugu ofisi ya udahili, ni tapeli.

Omba Mlimani kama roho inataka, chaguo moja. Mengine yapeleke Mzumbe, CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara), TIA (Taasisi ya Uhasibu) au Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, tena kwenye kozi zisizokimbiliwa sana. Kijana wa Newala mimi ningemsukuma kwenye uhasibu wa ushirika bila kusita: AMCOS zetu, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, zinapitisha fedha nyingi za korosho kila msimu, na wanaojua kuziandika vitabuni ni wachache.

Kurudia mtihani sikushauri. Ni kusubiri Mei ijayo, matokeo Julai, bila mwalimu wa kukusimamia, na D inaweza kubaki D. Muda huo ningeuweka kwenye diploma. Kwa matokeo yako unaingia diploma bila kupitia cheti, miaka miwili, na TIA wana kampasi Mtwara mjini, hivyo nauli na chumba havitamuumiza mama. Ukimaliza unaomba shahada kwa GPA ya diploma pamoja na vyeti vyako vya kidato cha nne. Kima cha chini ni 3.0, ila kwa kozi ya ushindani lenga 4 na kuendelea. Huko Uhasibu unausoma kila muhula, na ile E ya Uchumi haikufuati tena.

Tatizo la diploma ni ada. Usipange ukitegemea mkopo wa Bodi ya Mikopo; kaeni na mjomba mjue nani analipa nini, kwa sababu malipo ya mnada wa korosho mara nyingi huja wakati chuo kimeshafungua. Waombe chuo walipwe kwa awamu, wengi hukubali.

Shahada nayo iombe awamu ya kwanza ya udahili, usingoje ya pili. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, thibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa. Na kama awamu zote zikipita bila jina lako, hakikisha ombi la diploma Mtwara umeshalituma mapema, lisiwe jambo la kukimbilia dakika ya mwisho.